Papitas de leche za Pasaka: donge likinata, likipasuka, au sukari ikitoa jasho

Wiki Takatifu ikikaribia, wanaotengeneza vitamutamu vya maziwa vya Venezuela hukwama palepale. Donge limegandia vidoleni, halitoki. Donge limekauka, ukiliviringisha linafanya nyufa. Jana papitas zilipendeza, leo sukari yote ya juu imeyeyuka na sinia linang'aa kwa maji. Nimeyapanga matatizo haya kwa dalili, ili aliye na donge mkononi aende moja kwa moja kwenye lake.

Papitas de leche ni viringo vidogo vya maziwa ya unga na maziwa mazito ya kopo, vinavyogaragazwa kwenye sukari na kuchomekwa karafuu moja juu. Havipiti motoni kabisa. Nchini Venezuela huliwa mwaka mzima, hasa kwenye sherehe za watoto, na Pasaka huungana mezani na majarete, kitamutamu cha mahindi na nazi, na arroz con coco, yaani wali mtamu wa nazi. Wapo wanaoziumba kama mayai. Mwishoni nimegusa pia dulce de leche, yaani maziwa yaliyopikwa na sukari hadi yakawa mazito, ile ya Coro, mji mkongwe wa jimbo la Falcón, nchi kame ya mbuzi. Hiyo hupikwa jikoni, ila oveni haihitaji.

Hali ya hewa ina neno lake hapa. Venezuela iko karibu na ikweta, na Pasaka, ambayo huangukia kati ya 22 Machi na 25 Aprili, huwakuta mwishoni mwa kiangazi, kabla mvua kubwa hazijashika. Maracaibo, mji wa kando ya ziwa, ni joto na unyevu. Mérida, mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, ni baridi ya milimani. Vipimo ni vilevile, lakini donge la Maracaibo na la Mérida hazifanani tabia. Msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam ajihesabu yuko Maracaibo. Wa Nairobi au Arusha ajihesabu yuko Mérida.

Vipimo vya kuanzia

Maziwa mazito ya kopo yenye sukari, kopo 1 la gramu 397 (la 390 au 395 ni sawa tu). Maziwa ya unga yenye mafuta yake yote, gramu 300, na nyingine 100 ziweke pembeni ziwe akiba. Sukari ya unga, ile ya kupambia keki, gramu 100, iliyochekechwa. Karafuu nzima, na sukari ya kawaida ya kugaragazia. Ukiviringisha za gramu 15 utapata kama 50.

Maziwa ya kopo hutangulia kwenye bakuli. Changanya maziwa ya unga na sukari ya unga, kisha tia kwa mafungu matatu au manne, ukikoroga kwa mwiko hadi mwiko uwe mzito, halafu umalizie kwa mkono.

Kabla ya dalili yoyote, shika hili, maana nusu ya matatizo yote yanatoka hapa: donge lipumzike nusu saa, limefunikwa, kabla hujaongeza kitu chochote. Maziwa ya unga hunyonya unyevu polepole. Donge linalonata dakika ya tano huenda likawa sawasawa dakika ya thelathini. Ukiliharakisha kwa kulimiminia maziwa ya unga lingali changa, likishapumzika litakuwa limekauka, na papitas zitapasuka. Ndiyo maana anayelalamika kunata leo mara nyingi hulalamika kupasuka kesho.

## Donge linanata, haliumbiki

Kipimo chake ni hiki. Chukua kipande cha ukubwa wa kokwa la tende, kiviringishe mara tano kati ya viganja, kisha fungua mkono. Likibaki duara na kiganja kikawa na ukungu mwembamba tu wa mafuta, donge liko tayari. Likiacha nyuzi nyuzi kwenye kiganja, bado.

Sababu ya kwanza ni hiyo niliyoitaja, halijapumzika. Funika kwa kitambaa kikavu au mfuko wa nailoni uliogusana na donge lenyewe, liache nusu saa, upime tena. Hakuna gharama yoyote hapo, kwa hiyo anza nayo daima.

Ya pili ni joto la mikono na la jiko. Mafuta ya maziwa hulainika mapema, na kwenye joto la mwili huwa yameyeyuka karibu yote. Ukiumba saa nane mchana chini ya bati, unachokiona si donge lenye maji bali donge lenye mafuta yaliyoyeyuka. Utalijua kwa kung'aa: linang'aa na linateleza, tofauti na lile lenye maji linaloganda kama gundi. Liweke kwenye friji dakika 20. Osha mikono kwa maji ya baridi, *ikaushe kabisa*, uumbe kwa mafungu madogo huku lililobaki likiwa ndani ya friji. Umba alfajiri au usiku ukiweza.

Ya tatu iko kwenye pakiti, na ndiyo inayosumbua watu wengi wasijue kwa nini. Maziwa ya unga yenye mafuta kamili huwa na mafuta ya maziwa asilimia 26 au zaidi. Lakini madukani zipo pakiti zinazofanana nayo kwa rangi na picha ya ng'ombe, ambazo ndani yake mafuta ya maziwa yameondolewa yakatiwa ya mawese au mimea mingine. Kwa chai hutaona tofauti kubwa. Kwenye donge utaiona: linakuwa teketeke, linaacha utando mdomoni, na halishiki umbo. Hata makopo ya maziwa mazito yana ndugu zao wa mafuta ya mimea. Soma orodha ya viungo; ukikuta mafuta ya mimea, ongeza gramu 30 hadi 50 za ile akiba, umbo liwe dogo, na zihifadhi kwenye baridi. Zitaliwa, ila ladha haitafikia ile ya asili. Wavenezuela zaidi ya milioni 7 wanaishi nje ya nchi yao, na anayejaribu mapishi ya nyumbani kwa maziwa ya duka la ugenini hujiona mkono umempotea, kumbe ni pakiti.

Ikiwa yote hayo umeyakagua na bado linanata, sasa ndipo uongeze maziwa ya unga: kijiko kimoja cha mezani, kanda, subiri dakika kumi, pima. Si kikombe. Na unyevu wa hewa ukiwa mkali, ongeza maziwa ya unga badala ya sukari ya unga, kwa sababu sukari huvuta unyevu.

Usitie unga wa ngano mbichi ili kulikaza. Unga wa ngano haujapikwa, unaweza kubeba vijidudu, na papitas haziendi motoni kuviua.

## Donge linapasuka au linamong'onyoka

Ukiviringisha, nyufa hutokea ubavuni, kisha papita ikikaa usiku hufunguka kama udongo wa kiangazi.

Mara nyingi maziwa ya unga yamezidi, ama kwa haraka niliyoisema, ama kwa kupima kwa kikombe. Kikombe cha kuchota kwa kukandamiza kinaweza kuzidi cha kumimina taratibu kwa robo nzima. Mizani ndogo ya jikoni inamaliza ugomvi huu. Tiba: kijiko cha chai cha maziwa ya kopo kwa wakati, kanda dakika mbili, funika dakika kumi. Kwa kawaida vijiko viwili vinatosha.

Kinachofuata ni upepo. Donge lililoachwa wazi hufanya gamba juu, na gamba hilo likikandiwa ndani hubaki vipande vipande. Ukiwa na feni jikoni, izime au funika bakuli. Gamba likishakuwa gumu, likwangue ulitoe, usijaribu kulirudisha.

Maziwa ya unga yasiyo na mafuta nayo hupasua donge, kwa kuwa hakuna kinacholainisha. Siagi isiyo na chumvi, kijiko kimoja cha mezani kilicholainika bila kuyeyushwa, huokoa kopo zima.

Usitie maji wala maziwa mabichi. Naelewa kishawishi chake, mapishi mengi hulainishwa hivyo. Lakini papitas zinadumu nje ya friji siku mbili tatu kwa sababu maji ndani yake ni machache na sukari ni nyingi. Ukiongeza maji umeondoa ulinzi huo: zitanata, kisha zitachacha. Ikiwa umeshatia, basi ziwekwe kwenye friji na ziliwe ndani ya siku mbili.

## Mabonge ndani, au mchanga kwenye meno

Hizi ni dalili mbili, tuzitenganishe kwa ulimi. Bonge ni jeupe, kubwa kiasi cha kuonekana, na likibonyezwa linatoa unga mkavu. Mchanga hauonekani, unausikia tu ukitafuna.

Mabonge: maziwa ya unga hayakuchekechwa, au yalimwagwa yote kwa pamoja. Pitisha kwenye chekecheo kabla. Mabonge yakishaingia, tandaza donge kwenye meza safi uyasage moja moja kwa mgongo wa kijiko. Kukanda peke yake hakuyavunji, huyahamisha tu. Ikiwa maziwa yalikuwa yameshagandamana ndani ya kopo lao kuwa jiwe, yameingiwa na unyevu. Yanuse. Kama yananuka kabati au rangi yake imekuwa ya kahawia, usiyatumie.

Mchanga: kagua kwanza kama ulitumia sukari ya kawaida badala ya ya unga. Kisha tazama kopo la maziwa mazito. Kopo lililokaa dukani muda mrefu hufanya chembe za sukari ya maziwa chini, unazihisi kijiko kikikwaruza. Si sumu. Koroga vizuri, acha chembe nzito chini ya kopo. Sababu isiyotokea sana ni maziwa ya unga ya chenga kubwa, yaliyotengenezwa yayeyuke upesi kwenye maji. Kwenye donge hayana maji ya kuyeyukia. Yasage kwenye mashine kavu, au liache donge lilale usiku mzima kwenye friji.

Maziwa ya kopo ya watoto wachanga yasitumike hapa. Yana mafuta ya mimea na vitu vingine vingi, donge halitulii, na ni hasara.

## Sukari ya juu imetoa jasho

Hili ni tatizo la pwani, na karibu kila mara kisa ni kimoja: papitas zimetoka kwenye friji zikafunuliwa palepale. Hewa yenye unyevu ikigusa kitu cha baridi huacha maji, maji yanayeyusha sukari, sukari inakuwa shira. Dawa ni kuzitoa na chombo chake kikiwa kimefungwa, ziachwe saa nzima zipoteze baridi, ndipo kifuniko kifunguliwe. Maji yatatua nje ya chombo.

Kama si hivyo, donge lenyewe lilikuwa bichi mno, au papitas zilifungiwa kwenye chombo kisichopumua mara tu zilipoumbwa. Ziache wazi kwenye sinia saa moja au mbili zifanye ngozi nyembamba, ndipo uzigaragaze. Na kama unazo nyingi za sherehe, gawa kazi: umba na kuhifadhi bila sukari, kisha garagaza asubuhi ya siku yenyewe. Nje tumia sukari ya chembe. Sukari ya unga hupotea ndani ya saa chache.

Zilizokwisha kutoa jasho: ziguse na karatasi ya jikoni, acha zikauke, garagaza upya. Zitakuwa tamu zaidi, basi.

## Zinalala na kuwa bapa

Donge ni laini, rudi kwenye dalili ya kwanza. Au umezifanya kubwa. Gramu 15 hujishika, gramu 30 hulala kwa uzito wake. Au umezipanga ghorofa. Zilizokwisha kulala ziviringishe upya baada ya dakika 20 za friji.

Umbo la yai ni gumu kuliko la duara, kwa sababu ncha huanza kupasuka. Viringisha duara kwanza, kisha bonyeza upande mmoja kwa kidole cha shahada huku ukizungusha. Laza yai ubavuni, usilisimamishe.

## Ladha haiko sawa

*Tamu kupita kiasi.* Maziwa ya kopo yana sukari karibu nusu ya uzito wake, kwa hiyo utamu hauondoki, unapunguzwa tu. Badala ya gramu zote 100 za sukari ya unga tia 50, na nafasi yake ijazwe na maziwa ya unga. Chembe ya chumvi husaidia kuliko watu wanavyodhani. Aliyezoea labania za pwani ataona papitas ni laini na nzito zaidi, na hilo si kosa la mpishi.

*Unga unga kooni.* Halijapumzika vya kutosha. Lilale usiku mmoja.

*Karafuu imetawala.* Karafuu moja inatosha, na ichomekwe siku ileile ya kula. Ikikaa siku tatu mafuta yake hupenya hadi katikati na kufanya ulimi uwe na ganzi. Karafuu mbichi za msimu, zenye vichwa vizima na mafuta yanayoonekana ukizibinya kwa ukucha, kama zile za Pemba, ni kali zaidi. Toa kichwa ubakishe kikonyo.

*Ladha ya mafuta yaliyochacha, au ya sabuni.* Maziwa ya unga ni ya zamani. Hapa hakuna kiungo kitakachoficha. Vanila haisaidii, kakao haisaidii. Tupa. Onja maziwa ya unga kwa ncha ya ulimi kabla hujafungua kopo, usije ukaharibu vyote viwili.

## Rangi

Rangi ya kioevu huongeza maji. Tumia ya unga au ya jeli, tone kwa tone, uichanganye kwenye maziwa ya kopo kabla ya kutia unga. Ukiitia mwishoni itabaki michirizi. Papitas zisizotiwa rangi huwa za krimu, hazitakuwa nyeupe pe, maana maziwa ya kopo yenyewe si meupe.

Ukiona madoa ya waridi, kijani au meusi ambayo hukuyatia, sinia zima litupwe. Usikate sehemu yenye doa ukala iliyobaki.

## Dulce de leche ya Coro: matatizo ya sufuriani

Kitamutamu hiki kwa jadi hupikwa kwa maziwa ya mbuzi, hukatwa vipande vya mstatili, na wengine huweka tabaka la chokoleti. Wengi huanza na lita 2 za maziwa kwa kilo 1 ya sukari, sufuria pana yenye kitako kizito, mwiko wa mti, na subira.

Haigandi, inabaki kama uji mzito. Karibu kila mara haijaiva. Buruta mwiko katikati ya sufuria: njia ikijifunga mara moja, endelea kupika, ikibaki wazi ukaona kitako huku rojo likijitenga na kuta, imekaribia. Kisha dondosha kidogo kwenye bakuli la maji ya baridi. Kikikusanyika kuwa kidonge laini unachoweza kukishika, imeiva. Kwa kipimajoto ni karibu nyuzi 115 kwenye usawa wa bahari. Hapa wapishi wa milimani hudanganyika: kila mita 300 za kupanda hupunguza kiwango cha kuchemka kwa karibu nyuzi 1. Mérida hadi Nairobi toa nyuzi 5 au 6, vinginevyo utapata jiwe. Njia rahisi ni kupima maji yanayochemka jikoni kwako, uone yamepungua nyuzi ngapi chini ya 100, na utoe hizohizo.

Ikishamwagwa na haikuganda, irudishe sufuriani na maziwa nusu kikombe, iyeyuke taratibu, upike tena.

Imekuwa chenga kubwa kubwa. Chenga ndogo ni tabia yake na zinapendeza. Kubwa hutokana na sukari iliyokauka kwenye kuta za sufuria ikarudi ndani. Zifute kuta kwa brashi iliyoloweshwa mapema katika upishi. Sababu nyingine ni kuipiga kwa mwiko ingali moto sana. Ipoe kiasi, kisha ipigwe hadi ipoteze mng'ao, ndipo imwagwe kwenye sinia lililopakwa siagi.

Imeshika chini. Usikwangue! Mwaga iliyo juu kwenye sufuria nyingine, onja, na ikiwa moshi haujaingia, endelea kwa moto mdogo.

Maziwa yamekatika. Yalikuwa yameanza kuchachuka, au sukari na moto viliingia haraka. Ili kuzuia, chemsha maziwa peke yake kwanza. Yakivuka hapo salama, tia sukari na bikaboneti ya soda robo kijiko cha chai kwa lita 2. Yatafura kwa povu, kwa hiyo sufuria isizidi nusu. Bikaboneti hupunguza uchachu na pia hukoleza rangi ya kahawia.

Yakishakatika, hayarudi kuwa laini, lakini si hasara. Wavenezuela wana kitamutamu kizima cha maziwa yaliyokatika, dulce de leche cortada, ambayo kwa kawaida hukatwa kwa limau makusudi. Acha mabonge yalivyo, tia sukari guru, kijiti cha mdalasini na karafuu mbili, pika kwa moto mdogo bila kukoroga sana hadi maji yawe shira ya kahawia. Wageni hawatajua ulikuwa na mpango mwingine. Sharti ni moja tu: maziwa yawe yamekatika kwa uchachu mdogo au limau. Kama yananuka vibaya, yamwage.

## Mahali pa kuacha

Kopo lililovimba, linalovuja, au lililopigika kwenye mshono wake. Usilifungue, usilionje. Lifunge kwenye mfuko ulitupe. Likiwa jipya, lirudishe dukani.

Kuchemsha kopo lililofungwa ili maziwa yageuke arequipe, jina ambalo Wavenezuela huitia dulce de leche laini ya kupaka. Wengi hufanya hivyo, mimi sishauri. Maji yakipungua kopo likachomoza, linaweza kupasuka na kurusha sukari ya moto jikoni kote. Yamwage maziwa kwenye sufuria wazi, moto mdogo, ukikoroga. Kama umeshalichemsha, zima moto, ondoka karibu, lipoe kabisa kwa saa kadhaa kabla ya kuligusa.

Sukari ya moto ikikuangukia, sehemu iwekwe chini ya maji ya bomba ya ubaridi wa kawaida kwa dakika 20. Si barafu, si siagi, si dawa ya meno. Vua pete na saa mapema kabla ya uvimbe, ila usibandue kilichogandia ngozini. Malengelenge makubwa kuliko kiganja cha aliyeungua, au kuungua usoni, mikononi au kwa mtoto, ni safari ya hospitali.

Watoto wadogo. Papita nzima ni ya duara, laini na inanata, yaani umbo baya kabisa kwa koo la mtoto wa chini ya miaka mitano. Ikate vipande vinne, na karafuu itoke kwanza. Mtoto mchanga asipewe hata kipande. Maziwa ya unga ya kawaida hayakutakaswa vijidudu vyote.

Mzio wa maziwa. Vipele, midomo au macho kuvimba, kutapika, kukohoa au kupumua kwa shida baada ya kula: acha kila kitu. Pumzi ikibana au mtu akilegea, usingoje uone kama itapita; mpeleke hospitali wakati huohuo, na mwambie daktari alichokula. Tumbo kujaa gesi kwa asiyevumilia sukari ya maziwa ni jambo jingine na hupita lenyewe. Tumbo la kuhara lenye damu au homa, au linaloendelea zaidi ya siku mbili, nalo ni la daktari.

Na ukizipeleka kanisani au ukiziuza, andika kwenye karatasi juu ya sinia: zina maziwa, zina karafuu nzima, zilitengenezwa tarehe fulani. Zilizokaa nje zikipita siku ya tatu, na za friji zikipita wiki, zisipewe mtu.